Loburu haikupotea 2020

Jina Nairobi tulipewa na Wamaasai. Enkare Nairobi, maji baridi. Huwa nacheka nikikumbuka hilo asubuhi, juu kwa ploti yetu hapa Kangemi hilo jina bado linafanya kazi. Maji ya mfereji yakija yanakuja baridi kama ya friji. Yasipokuja unanunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, unaubeba mpaka orofa ya tatu, halafu unakaa chini uamue: leo naoga maji moto ama nachemsha chai? Gesi ya meko haina huruma. Inaisha tu, na inapenda kuisha tarehe ishirini na kitu.

Kwa hivyo mtu akiniambia kuna mahali kwa hii nchi maji yanatoka chini ya ardhi yakichemka yenyewe, bila meko, bila tokeni za stima, bila keyateka kubisha mlango akiuliza nani amewasha hita, mimi namsikiliza vizuri sana. Na mahali hapo papo. Pako Baringo, Ziwa Bogoria, ukingo wa magharibi. Panaitwa Loburu. Ama niseme palikuwa panaitwa, juu ukienda sahi utaonyeshwa ziwa.

Ukiuliza watu wa rika langu watakwambia Loburu ilipotea 2020, mwaka ziwa lilifurika. Picha ziko, lami inaingia ndani ya maji na haitoki. Hiyo ni kweli na sina ubishi nayo. Lakini nimekaa na hii stori kama miaka mbili sasa, nimesoma, nimefika, nimeuliza, na nimeona tunahesabu vibaya. Loburu ilianza kupotea karibu miaka hamsini kabla ya hiyo mafuriko. Vile ilianza kupotea ndio kitu kinafaa kutusumbua sisi wa Nairobi, kwa sababu hapa kwetu kinaendelea.

Nianze na yenye iko wazi.

Bogoria ni ziwa la magadi. Maji yake huwezi kunywa, na samaki huwezi kuvua. Kinachoishi humo vizuri ni vile viumbe vidogo vya kijani ambavyo flamingo hula, ndio maana miaka mizuri ukingo wote unakuwa wa waridi. Iko kwa sakafu ya Bonde la Ufa, mahali ngozi ya dunia ni nyembamba. Maji ya mvua yanazama chini, yanakutana na mawe moto, yanarudi juu yakiwa na hasira. Kando ya ziwa kuna chemchemi karibu 200 za namna hiyo. Zingine ni za uvuguvugu tu, zingine zinachemka kabisa, na chache zilikuwa zinarusha maji juu kuliko kichwa cha mtu mzima. Zile maarufu zaidi zilikuwa Loburu, kwa sababu ungeweza kushuka kwa gari na kutembea mpaka hapo.

Na watu walikuwa wanachemsha mayai. Kama wewe ni Mkenya na ulienda safari ya shule upande huo, najua umetabasamu.

Sasa hapa lazima niwaambie kuhusu mathe. Mathe huuza mayai boilo na smokie hapa steji ya Kangemi, upande wa magari ya kwenda Uthiru na Kinoo. Ile trolli unajua, na kachumbari kwa kopo na ile chumvi ya pilipili. Amefanya hiyo kazi tangu niwe nasari. 2012 nikiwa darasa la nne, shule ikapanga safari ya Nakuru, Bogoria na Baringo. Alilipa pole pole, mia hapa, hamsini pale, mpaka mwalimu akachoka kumwandikia risiti. Asubuhi ya safari akanipa mayai mawili mabichi, amefunga na gazeti kisha leso. Akaniambia, "Usicheze nayo kwa basi. Fika nayo uone kama ni ukweli. Mteja mmoja aliniambia huko ardhi inachemsha mayai, nikadhani ananidanganya asilipe."

Ilikuwa ukweli. Nakumbuka harufu ya kiberiti kabla hata sijaona kitu. Nakumbuka moshi mweupe, mwalimu akipiga kelele kwamba mtu asipite mawe, na mwongozaji wa hapo akituonyesha shimo gani ni la mayai na gani litakuchukua mguu. Tulitumbukiza mayai kwa neti ya vitunguu imefungwa kwa fimbo. Tukasubiri. Nikala moja na lingine nikarudi nalo Nairobi.

Mathe alilimenya usiku huo taratibu, kama mtu anafungua barua. Akalinusa. Akala nusu, nusu akampa sista yangu. Halafu akauliza swali lenye sijawahi kusahau: "Huko yai wanauza ngapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Makaa hawanunui, maji hawanunui. Kama ni mimi niko hapo, si ningekuwa tajiri."

Tukakubaliana siku moja tutaenda na yeye. Nikimaliza shule. Ndio hiyo ilikuwa mipango.

Nilikuwa kidato cha nne 2020. Corona ikaja, shule zikafungwa Machi, tukakaa nyumbani. Na mwaka huo huo maziwa ya Bonde la Ufa yakaamua kupanda. Yalikuwa yameanza kupanda miaka karibu kumi nyuma, lakini 2020 yalivuka mpaka. Baringo, Nakuru, Naivasha, Bogoria, yote. Baringo na Bogoria zilikaribiana hadi wataalamu wakaogopa zitagusana, maji tamu na maji ya magadi, na samaki wa Baringo wangekuwa wameisha. Geti kuu la Bogoria pale Loboi likaingia majini. Barabara ya kando ya ziwa ikaingia majini. Chemchemi za Loburu zikafunikwa. Kwa simu ya mathe tuliona paa la jengo likitokeza kwa maji, na yeye akasema tu, "Basi."

Serikali iliunda jopo la wataalamu, ripoti ikatoka 2021. Kwa ufupi walisema mvua imezidi kwa sababu hali ya hewa inabadilika, milima ya juu imekatwa miti kwa hivyo udongo unateremka kujaza maziwa, na pia ardhi yenyewe ya Bonde la Ufa huwa inasonga. Nyumba, shule, zahanati na mashamba vilienda. Niseme hivi ili nieleweke: kuna familia zilipoteza kila kitu, na mimi nilipoteza safari. Hizo si kitu kimoja.

Nikaanza chuo kikuu 2021, nikatoka 2023 mwaka wa pili. Karo. Sitaki kuifanya stori, wengi mnaijua kwa sababu mmeipitia. Nikaanza kushika simu, kupiga video, kuandika. Na moja ya video za kwanza nilitaka kufanya ilikuwa Bogoria, nione kama kuna kitu kimebaki cha kumwonyesha mathe.

Nilitoka Nyamakima asubuhi na matatu ya Nakuru. Inapita Waiyaki Way, inapita hapa hapa Kangemi. Nilimwona mathe kwa dirisha akimimina kachumbari na hakuniona. Nakuru nikabadilisha, nikapanda ya Marigat, ile inapita Mogotio na inavuka Ikweta. Unashuka njia panda kabla ya Marigat, unachukua boda hadi Loboi. Joto la hapo si la mchezo. Koti niliyotoka nayo Nairobi niliibeba siku nzima kama mtoto.

Na nikaona. Lami inateremka vizuri, na mistari yake, inaingia kwa maji kama inaenda kuogelea. Miti imesimama ndani ya ziwa imekauka, nyeupe. Mbali kidogo mvuke ulikuwa unapanda kutoka juu ya maji yenyewe, na jamaa wa boda akanyoosha kidole akasema, hapo ndio mlikuwa mnachemsha mayai. Moto bado uko huko chini, unaendelea na kazi yake.

Kulikuwa na mzee mmoja amekaa kivulini karibu na hapo. Nikamsalimia, nikaketi, nikamwambia nimetoka Nairobi na nimekuja kuona mahali palipopotea. Sikurekodi, kwa hivyo nitasema tu maana yake. Aliniuliza mimi nilipoteza lini. Nikamwambia 2020. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema nyinyi watu wa Nairobi mmeanza kulia juzi, sisi tulianza kabla mama yako hajazaliwa. Akataja mwaka: 1973.

Nilirudi Kangemi na huo mwaka kichwani, nikaanza kusoma.

Hiyo ardhi yote ya kuzunguka ziwa ni ya jamii inaitwa Endorois. Ni wafugaji, watu kama 60,000 kulingana na kesi yao wenyewe. Kwao ziwa si mandhari. Wanaamini roho za Waendorois wote, hata mtu azikwe wapi, zinaishi ziwani. Sherehe zao zilikuwa hapo. Ng'ombe walikuwa wanalamba chumvi hapo. Dawa za miti zilikuwa hapo. Halafu 1973 serikali ikatangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama. Kwanza iliitwa Hifadhi ya Ziwa Hannington, jina la askofu Mwingereza aliyepita hapo 1885, kisha ikabadilishwa kuwa Bogoria. Jina la Kiafrika likarudi. Watu hawakurudi.

Walihamishwa. Wanasema waliahidiwa ardhi nzuri mahali pengine, robo ya mapato ya watalii, na asilimia 85 ya kazi zitakazotokea. Kitu kilifika ni hiki: 1986, familia 170 zilipewa shilingi 3,150 kila moja. Soma tena hiyo namba. Miaka kumi na tatu baadaye, shilingi 3,150, na kuna familia nyingi hazikuona hata hiyo.

Wakaenda kortini. Mahakama Kuu Nakuru ikatupa kesi yao 2002. Mtu mwingine angeenda nyumbani. Wao wakapeleka kesi hadi kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Banjul, Gambia, 2003. Uamuzi ulitangazwa Februari 2010, na walishinda. Tume ikasema Kenya ilivunja haki yao ya mali, ya dini, ya utamaduni, ya maliasili na ya maendeleo.  Wanasheria wa dunia nzima wanaisoma hiyo kesi darasani. Mimi nilisoma chuo kikuu miaka miwili, kilomita zisizofika 300 kutoka hapo, na sikuwahi kuisikia.

Tume ikapendekeza Kenya itambue ardhi ni yao na iirudishe, waruhusiwe kuingia ziwani bila kizuizi kwa ibada na kwa malisho, walipwe fidia, wapate mgao wa mapato. Utekelezaji umekuwa wa kinyonga. Tena 2011 UNESCO ikaweka Bogoria, Nakuru na Elementaita kwa orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka huo huo Tume ya Afrika ikatoa azimio la kulalamika kwamba Waendorois hawakushirikishwa inavyofaa. Yaani lilikuwa urithi wa dunia nzima kabla ya mwenyewe kuulizwa.

Sasa nirudi kwa hesabu yangu. 2012 mimi nikiwa na neti yangu ya vitunguu pale Loburu, nilidhani niko mahali pa umma. Nilikuwa nimelipiwa ada, nimeingia kwa geti, nimeonyeshwa. Kumbe huo ulikuwa mwaka wa pili baada ya uamuzi wa Banjul, na wenyewe walikuwa bado wanadai haki ya kuingia kwa mahali pao. Mimi wa Kangemi ndani, mwenyewe nje. Pale ndio chemchemi ilikuwa imeshapotea, na mimi nilikuwa nakula yai.

Hii ndio maoni yangu, na mnaweza kunipinga: mahali pa watu wote hapapotei siku geti linafungwa kwako. Panaanza kupotea siku geti linafungwa kwa mtu wa kwanza na wewe bado unaingia. Huyo wa kwanza karibu kila mara ni yule hana pesa au hana jina. Na kwa sababu wewe bado unaingia, huoni geti. Unaona utaratibu.

Leta hiyo kitu Nairobi sasa.

Uhuru Park ilifunguliwa 1969. Ni hapo mathe na babangu walikuwa wanakuja Jumapili wakitafutana, kabla ya mimi kuwa hata wazo. 1989 wakubwa wa KANU walitaka kujenga jumba la orofa 60 ndani yake. Wangari Maathai akasema haiwezekani, akatukanwa, akaambiwa ni mwanamke kichaa, na mwishowe jumba halikujengwa. Ukikaa pale kwa nyasi ukila njugu, huyo mama ndio amekulipia kiti. Halafu 2021 bustani ikafungwa kwa ukarabati, mabati yakazunguka, na ikakaa hivyo muda mrefu. Wenye makazi ya Lavington hawakuhisi. Wana nyasi zao nyumbani. Aliyehisi ni yule kibarua alikuwa analala pale saa saba mchana akingoja kazi ya jioni, yule mhubiri, yule mpiga picha wa papo kwa papo mwenye kamera shingoni, yule msichana wa Kawangware na mpenzi wake wenye hawana pesa ya kahawa ya mia tatu.

Jeevanjee pale katikati ya mji ni hivyo hivyo. Ni ekari chache tu, mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi 1906. 1991 ilitaka kujengwa maghorofa, 2007 ikajaribiwa tena, na mara zote mbili watu walikataa. Leo unaweza kuingia bila senti, ukae kwa benchi, usikilize mjadala wa siasa wa bure. Ukija upande wetu wa magharibi hizo benchi zinapungua haraka. Arboretum unalipa. Msitu unalipa, na unalipa kwa simu, kwa hivyo kama simu yako ni ya mulika mwizi na haina salio, miti itabidi ikungoje. Kila ada ukiitazama peke yake ni ndogo. Mama mwenye watoto wanne azidishe ndio utajua udogo wake.

Najua kuna mtu amekasirika sahi. Anataka kuniambia ada ndio inalipa askari wa msitu, na bila geti kungekuwa jalala. Ako na ukweli. Loburu ya 2012 ilikuwa na maganda ya mayai kila mahali na chupa za soda, na ni sisi tuliziacha. Chemchemi inachoma, imeua watu na mifugo, lazima kuwe na mtu wa kusema usipite hapa. Mahali pasipo na mlinzi huwa panaliwa na mwenye nguvu. Lakini hata Banjul haikusema hifadhi ivunjwe. Ilisema mwenyewe aingie, aulizwe na apate sehemu yake. Geti linaweza kuwa na mlinzi na bado likamjua mwenye nyumba.

Mwaka huu hiyo stori ilinifuata mpaka kwa simu. Nilipata ujumbe kutoka kwa hoteli moja ya Bonde la Ufa, sitaitaja. Wana bwawa la maji moto ya kutoka ardhini, zuri kweli, mawe yamepangwa, taa za bluu usiku. Walitaka nilale siku mbili, nipige video tatu, na nipate 30,000. Kodi yetu ni 7,500. Hesabu hiyo nilifanya kabla sijamaliza kusoma ujumbe: miezi minne, mathe hana presha.

Maneno ya kuweka kwa video yalikuwa yameshaandikwa. Niite hapo mahali siri iliyofichwa. Hilo neno likanikwama. Siri kwa nani? Nikauliza kwa upole kama watu wa kijiji cha hapo walikuwa wanatumia hayo maji kabla ya ukuta, na kama sasa wanaingia. Jibu lilikuja fupi: hiyo haihusiani na kampeni. Nikauliza kama tunaweza kuweka siku moja kwa mwezi, hata nusu siku, wenyeji waingie kwa bei yao, nami niipige video hiyo bure juu ya zile tatu. Nilidhani ni biashara nzuri. Kimya. Baada ya wiki nikawaandikia asante, tafuteni mwingine. Walimpata, na video yake imefanya vizuri kuliko zangu zote.

Nilimweleza mathe akiwa anaosha trolli. Akaniangalia kwa muda. "Huo msimamo unalipa rent?" Nikasema hapana. "Nilidhani hivyo." Akaosha kidogo tena, kisha akasema, "Haya. Jumamosi saa kumi na moja asubuhi uko hapa unamenya mayai." Nimemenya mayai Jumamosi tano sasa. Mikono inanuka na kodi ya mwezi uliopita tulilipa tarehe kumi na mbili. Sisemi hivyo nionekane mtakatifu. Nasema ndio mjue kukataa kuna bei, na kwamba kuna creator mwingine ana ndugu wadogo wa kusomesha na alikubali, na mimi siwezi kumrushia jiwe.

Lakini sisi wenye simu tuna kazi moja kwa hii stori, na tusijifiche. Ukuta unamfungia mtu nje mara moja. Video yangu inafanya laki mbili waone ukuta ni kitu cha kawaida, tena cha kutamaniwa. Hakuna askari wa geti amewahi kufanya hiyo kazi kwa siku moja.

Kwa hivyo hivi ndio naomba, na ni vitu vya kufanyika. Ukienda mahali penye maji moto, Bogoria, Magadi, Homa Hills, popote, kabla ya kupiga picha uliza swali moja: hapa palikuwa pa nani, na wanaingia? Lipa mwongozaji wa hapo hapo, mkononi. Ukiwa na kamera, mweke huyo mtu kwa video na umpe nafasi aongee, usimtumie kama mapambo ya nyuma. Na hapa Nairobi, ukisikia kaunti inaita watu watoe maoni kuhusu bustani au ada mpya, enda. Ile mikutano huwa na viti vingi vitupu, na walioketi ni wale wale wana kitu cha kujenga. Wangari hakusubiri awe peke yake nje ndio apige kelele.

Mathe bado anataka kwenda Bogoria. Nilimwonyesha video ya lami inaingia majini, nikamwambia hakuna kitu cha kuchemsha mayai hapo siku hizi. Akaniuliza kama wale watu wenye ziwa wako. Nikasema wako. "Basi si kuna mtu wa kusalimia." Tumepanga Desemba, biashara ya steji ikipoa. Nauli ya wawili, boda, ada ya getini, mahali pa kulala Marigat. Nimepiga hesabu na tuko nusu.

Kama wewe unatoka Loboi, Sandai, Mochongoi au hapo karibu, niandikie. Nataka kujua siku hizi mnaingia vipi, kwa ibada na kwa ng'ombe, na kama ile robo imewahi kufika. Sitaweka jina lako popote usipotaka. Na kama unajua nyumba ya kulala ya bei ya muuza mayai, pia niambie.